Chupa Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimekipata! Mhadhiri amesaini leo asubuhi bila hata kuinua macho: mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kijito kinachopita nyuma ya chuo. Nipime kama maji yake yanafaa kuogelea, na kama viumbe wa majini wanaweza kuishi humo kwa afya. Swali la kitoto. Jibu lake analijua kila mwenye pua. Kiwanda cha sabuni kimekaa ukingoni kama mfalme, kinatema povu, na watoto watatu wa darasa la kuogelea la Shangazi wameharisha wiki nzima. Kinachokosekana ni takwimu tu.

Hotuba ninayo tayari. Kurasa kumi na moja. Nitaisoma Jumamosi ya tarehe 15, uwanjani mbele ya maktaba, kisha tutaandamana hadi lango la kiwanda. Penye takwimu nimeacha nafasi tupu: "Bakteria ........ katika kila mililita mia, ndugu zangu!" Nafasi pana. Natarajia tarakimu ndefu.

Tatizo ni Mzee Wino. Ndiye fundi sanifu wa maabara, na jina hilo amelipata kwa sababu penseli haipiti mlangoni kwake. Kila kitu kwa wino. Ukikosea hufuti: unapitisha mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke bado, unasaini, unaweka tarehe. Leo kaniongezea sharti. Nikirudi na chupa za maji, yeye atabandua majina ya mahali na kubandika namba. Orodha ya namba ataifungia ndani ya bahasha. Mimi nitahesabu bakteria bila kujua chupa ipi imetoka wapi. Nikamwuliza kama sharti hilo ni la wanafunzi wote. Akasema hapana, kiongozi, ni la wenye hasira tu.

Nimetukanwa kwa adabu!

Naandika haya bwenini, hatua chache kutoka kwenye vyoo vyetu kumi na viwili vipya. Wasichana wanaviita Ushindi — "nisubiri, nakwenda Ushindi mara moja." Mwaka jana tulikaa chini siku sita mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo mpaka vikajengwa. Nakisikia kimoja kikivutwa maji sasa hivi. Muziki!


Jumanne, 4 Machi

Nimelowa hadi kiunoni na nina furaha isiyo na sababu.

Vituo ni vinne. Cha kwanza juu kabisa, kabla ya kiwanda. Cha pili hatua mia chini ya bomba la kiwanda. Cha tatu kwenye daraja dogo, chini ya mabweni yetu. Cha nne ni bwawa la Shangazi, pale kijito kinapopanuka na kutulia. Cha tatu nilitaka kukiruka — kati ya kiwanda na bwawa kuna nini cha kupima? Mzee Wino akasema vinne ni vinne, akanivisha buti za mpira za marehemu fulani mwenye miguu mikubwa.

Kazi yenyewe ni ngoma. Unasimama ndani ya maji, wavu uko nyuma yako kwa upande wa chini, unachezesha miguu kwenye kokoto dakika tatu, na kila kilichojificha kinasombwa wavuni. Mara ya kwanza niliushika wavu upande wa juu. Dakika tatu nimecheza, nimepata jani moja. Mzee Wino akafungua daftari. Aliliandika jani. Kwa wino.

Kisha tukamwaga mavuno kwenye sinia jeupe. Nilidhani nitaona tope. Tope likaanza kutembea! Kidudu chenye mikia mitatu mirefu na mapezi ubavuni yanayopepea kama pazia. Kingine kimejijengea nyumba ya chembe za mchanga, kimetoa kichwa tu, kama mpangaji anayechungulia kama mwenye nyumba kaondoka. Buu la kereng'ende lenye uso wa askari wa barabarani. Mzee Wino anasema wenye mikia mitatu hawavumilii uchafu; maji yakiharibika wao ndio wa kwanza kutoweka. Wanamapinduzi wa kweli! Kituo cha kwanza: ishirini na sita.

Cha pili, chini ya kiwanda, nilisubiri makaburi. Wapo kumi na tisa. Wachache kuliko juu, na maji yana joto zaidi kwa nyuzi mbili, lakini wapo, wanene, wanapepea. Nikawatazama vibaya. Vibaraka. Mlinzi wa kiwanda aliegemea uzio akaniuliza kama navua, maana samaki wa hapa hawatoshi hata kunusa. Nikamwambia atatuona tarehe 15. Akasema karibuni sana, ila mje na miavuli, langoni hakuna kivuli.

Cha tatu, darajani: mwenye mikia mitatu hata mmoja. Minyoo myekundu tu, imejikunja kama nyuzi za sweta, na mita ya oksijeni ilishuka hadi nikaigonga nikidhani imelala. Bila shaka sumu ya kiwanda huchukua muda kukolea. Nimeiandika hoja hiyo pembeni. Mzee Wino kaisoma, kasafisha miwani, kaisoma tena.


Alhamisi, 6 Machi

Siku ya chupa. Unazamisha chupa iliyochemshwa, mdomo wake ukielekea maji yanakotoka, kidole kisiguse shingo, kisha upesi kwenye sanduku la barafu. Chupa mbili kila kituo. Ya tisa Mzee Wino kaijaza maji safi ya maabara, mtego wa kututega sisi wenyewe.

Bwawani nilimkuta Shangazi anang'oa magugu kwenye ngazi za mawe. Dada wa baba yangu, muuguzi mstaafu, mabega kama ya mbeba mizigo. Kila Jumamosi anafundisha watoto kumi na wawili wa mtaani kwake kuogelea, kwa sababu miaka ya kazi yake aliwapokea wengi mno waliozama. Huwaanzia kwa pumzi. "Pulizeni chai!" — na vichwa kumi na viwili vinainama kupuliza maji kana kwamba yanaunguza.

Nikaanza kumweleza hotuba. Nilikuwa kwenye ukurasa wa tatu aliponikatiza.

"Mwanangu, hayo utawaambia wenye viti. Mimi nijibu moja tu. Jumamosi niwatie majini, nisiwatie?"

Nikasema mpaka kesho, Shangazi, takwimu —

"Ndiyo au hapana. Mimi sina ukurasa wa nne."


Ijumaa, 7 Machi

Sijui niandikeje.

Tuliyachuja maji jana kwenye vikaratasi vya duara, tukavilaza usiku kucha ndani ya kabati la joto. Kila bakteria wa kinyesi anajidhihirisha kwa doa la bluu. Mwongozo wetu wa kuogelea unakubali yasizidi mia mbili thelathini kwa mililita mia. Asubuhi nikaketi na kioo cha kukuzia. Namba moja: madoa thelathini na moja. Namba mbili: arobaini na nne. Namba tano, maji ya mtego: hakuna hata moja, mikono yetu ni safi. Nikafika namba saba.

Bluu tupu! Karatasi nzima, doa juu ya doa, kama sare ya shule. Ikabidi tuhesabu ile tuliyoizimua mara mia. Elfu tisa na ushee. Nikapiga meza. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye daftari la maabara, kwa herufi kubwa, mbele ya shahidi: NAMBA SABA NI KIWANDA.

Mzee Wino akasema taratibu, "Umeandika kwa wino, binti."

"Na nitatia sahihi!" Nikatia.

Akafungua bahasha. Namba mbili ni kiwanda. Arobaini na nne. Saba ni daraja dogo, na nane, pacha wake, ni vivyo hivyo. Bwawa la Shangazi ni elfu moja mia tisa.

Nilisema chupa zimechanganyika. Nilisema lebo zimebanduka. Nilisema mambo mengine ambayo mtu mwenye elimu yangu hapaswi kumwambia mtu mwenye umri wake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanisogezea daftari apate mstari wake mmoja. Nikakataa. Nikasema tutarudia. Akasema hilo ndilo neno la kwanza la kisayansi nililotamka tangu Jumatatu.

Jioni nilimpigia Shangazi. Nikasema: hapana. Usiwatie. Kwa mara ya kwanza maishani nimejibu kwa neno moja.


Jumapili, 9 Machi

Jana nilikwenda kuona kama Shangazi kaahirisha darasa. Kaahirisha wapi! Kawalaza watoto kifudifudi juu ya mabenchi ya shule ya jirani, wanaogelea hewani. Miguu inarusha, mikono inapasua, mmoja kaanguka akadai kazama. "Pulizeni chai!" Wanapuliza vumbi. Aliyekuwa mgonjwa zaidi ya wote ndiye sasa mwenye kelele kuliko wote. Kaniuliza lini watarudishiwa maji, kana kwamba nimeyaweka kabatini.

Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Nimesahau kuchukia mtu yeyote kwa saa mbili nzima. Hali ngeni.


Jumatatu, 10 Machi

Tumerudia. Chupa mpya, namba mpya, bahasha mpya. Safari hii sikutabiri kitu.

Halafu tukapanda ukingo kutoka daraja dogo, mimi na Mzee Wino, tukifunua matete kwa fimbo. Hatua thelathini juu ya daraja kuna bomba la zege. Ni la maji ya mvua, limeandikwa hivyo ubavuni. Mvua haijanyesha wiki tano. Bomba linatiririka.

Chini yake zulia la minyoo myekundu.

Mzee Wino akaniuliza bomba hilo linatoka upande gani. Nikatazama juu ya ukingo. Naujua ukuta ule. Nimetundika nguo zangu juu yake miaka mitatu.


Jumanne, 11 Machi

Kuna rangi ya unga ya kijani, haina madhara, kijiko kimoja kinatosha ndoo nzima. Unaimwaga chooni, unavuta maji, unasubiri uone inatokea wapi. Mzee Wino alikwenda kusimama darajani na simu yake. Mimi nikaingia Ushindi, chumba cha kwanza kushoto, kile nilichokizindua kwa mikono yangu kwa kukata utepe.

Nikamwaga. Nikavuta.

Msichana aliyekuwa anapiga mswaki akaniuliza kama naumwa. Nikasema nafanya utafiti. Akasema pole.

Dakika tisa. Kumi. Niliomba — naliandika kwa kuwa hakuna atakayelisoma — niliomba simu isilie. Nilitaka rangi ile ipotee ardhini, iende popote, imfikie yeyote ila sisi. Dakika ya kumi na moja ikalia.

"Kijani," akasema Mzee Wino. "Kizuri kweli, binti. Kama mpunga mchanga."

Nilishuka mbio. Kijito chote kinang'aa kutoka bombani hadi upeo wa macho, na watu wamesimama darajani wakipiga picha. Nilitamani nilie. Badala yake nikacheka, kwa sababu ni kweli: kilikuwa kizuri. Na ndio jaribio la kwanza maishani mwangu lililonipa jibu ambalo sikulileta mwenyewe.

Alasiri nikafungua faili la chama chetu cha wanafunzi. Muhtasari wa kikao cha mwaka jana, mkandarasi, mkuu wa chuo na mimi. Nakumbuka kila dakika, au nilidhani nakumbuka. Mkandarasi aliomba wiki tatu zaidi ili avuke barabara hadi bomba kuu la majitaka. Nilipanda juu ya kiti. "Hata siku moja! Wanawake wa bweni hili wamesubiri vya kutosha!" Makofi ya waliojaa nje ya dirisha hayakuisha. Na mstari unaofuata ndani ya muhtasari: *Vyoo viunganishwe kwa muda kwenye mfereji wa mvua.* Kwa muda! Chini yake sahihi tatu. Ya kwangu ndiyo kubwa. Nilisaini bila kusoma. Nilikuwa napungia watu dirishani.

Kwa wino.


Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Katibu. Katibu wa chama, mwenzangu wa chumba, aliyelala sakafuni nami siku zote sita zile. Alikuwa anapaka rangi mabango: povu jeupe, samaki aliyekufa, KIWANDA kwa nyekundu. Mabango arobaini. Alisikiliza huku brashi ikidondosha.

"Kipaza," akasema — ndilo jina langu hapa chuoni, kipaza sauti kisichozimwa — "uchaguzi ni mwezi ujao. Jumamosi tupige kiwanda. Vyoo tutavisema tukishinda."

Nikamwambia kiwanda kina madoa arobaini na nne.

"Basi kina arobaini na nne! Si sifuri!"

Hoja nzuri. Ningeitoa mimi wiki iliyopita. Na si uongo: kiwanda kinamwaga maji ya moto, kinapunguza wenye mikia mitatu, na nitaliandika hilo lilivyo. Lakini waliowalaza watoto vitandani si wao. Ni sisi. Tukilifunga bomba la kiwanda kesho, watoto wataharisha keshokutwa, nasi tutakuwa tumesimama langoni tunapiga makofi.

Katibu akauliza wasichana mia mbili themanini waende wapi, Ushindi ikifungwa. Vyoo vya zamani ni vinne, foleni tunaijua wote. Sikuwa na jibu la kusimama juu ya kiti. Nikasema: wiki tatu. Zile zile nilizomnyima mkandarasi.

Alichovya brashi akamalizia mkia wa samaki.


Ijumaa, 14 Machi

Leo Mzee Wino kafungua bahasha ya marudio. Safari hii daraja lilikuwa namba mbili, na limejaa bluu kama lile la kwanza. Sikupiga meza.

Nikamwomba Mzee Wino daftari la tarehe 7. Nikapitisha mstari mmoja juu ya NAMBA SABA NI KIWANDA. Mwembamba, wa rula. Maneno yanasomeka vizuri sana chini yake, bahati mbaya. Sahihi. Tarehe. Nikamwomba radhi kwa yale ya siku ile. Akasema wanaoropoka maneno huwa wengi, wanaopitisha mstari ni wachache, na kama nina nafasi muhula ujao anahitaji mtu wa kuhesabu vidudu kila mwezi. Mshahara ni buti.

Nikatoka nikiwa mwepesi. Nimepita kituo cha kwanza bila shughuli yoyote, nikageuza jiwe moja tu kuwasalimu. Wapo. Wanapepea.

Halafu kwa mkuu wa chuo, na muhtasari mkononi. Alinikaribisha kama mtu anayekaribisha moto ndani ya nyumba ya makuti. Nikamwonyesha sahihi zote tatu, nikianza na yangu. Tumezungumza saa nzima bila kupigiana kelele, jambo ambalo limetushangaza wote. Anasema mkandarasi anaweza kuanza Jumatatu kuchimba kuvuka barabara, lakini vyoo sharti vifungwe kwanza, na yeye hathubutu kuvifunga: wasichana watamla mzima. "Wanakusikiliza wewe," akasema. Kafungua droo kanipa kufuli.


Jumamosi, 15 Machi

Saa nne kasoro. Nimekaa kwenye ngazi nyuma ya jukwaa, daftari juu ya goti. Watu zaidi ya mia sita. Sijapata kuwa na umati kama huu. Mabango ya Katibu yako juu, yote arobaini, samaki wamekufa vizuri sana. Bweni letu zima liko mbele, na wamevaa fulana za mwaka jana: USHINDI NI WETU.

Shangazi kafika. Sikumtarajia. Kawaleta wote kumi na wawili, wamepanga mstari chini ya jukwaa, kila mmoja na taulo shingoni. Nikashuka kumwamkia, nikamwuliza taulo za nini. Akasema leo ni Jumamosi, nao wamekuja kwa jibu lao. Wiki iliyopita nilimjibu yeye tu kwenye simu, wao hawakusikia. Nikamwambia jibu bado ni hapana, Shangazi, wiki tatu hivi. Akanitengeneza kola. "Waambie wao. Na ukisema wiki tatu, hesabu vizuri."

Hotuba ya kurasa kumi na moja iko hapa. Nimeipitia. Neno kiwanda limo mara thelathini na nane. Kwenye ukurasa wa kwanza, palipoandikwa "kiwanda kimewaumiza watoto wetu", nimepitisha mstari mmoja juu ya kiwanda. Juu yake nimeandika: mimi na ninyi. Sahihi, tarehe. Kurasa kumi zilizobaki nimempa Mzee Wino, anazikalia, maana ngazi ni chafu.

Katibu yuko kwenye kipaza sauti anauchemsha umati. Hajaniangalia tangu asubuhi. Lakini sasa hivi kapita nyuma kuchukua maji, kasimama, kauliza bila kugeuka: kweli ni wiki tatu? Nikasema kweli. Akauliza nani atapanga zamu za vyoo vya zamani. Nikasema sijui. Akasema, "Hujui wewe, daima hujui mambo ya foleni," akachana karatasi kutoka daftari hili hili, akaanza kuandika majina ya vyumba. Nimekosa pumzi kwa furaha.

Kufuli ni zito kuliko nilivyodhani. Linavuta mfuko upande mmoja.

Wameanza mwito wetu. Nimeutunga mimi, wiki mbili zilizopita, nikioga.

"Nani kakichafua kijito?"

"Kiwanda!"

"Nani?"

"Kiwanda!"

Watoto nao wameingia, taulo zinapungia, hawajui wanasema nini, wanapenda kelele tu. Katibu kanyamaza. Ananinyooshea kipaza sauti juu ya vichwa vyao. Zamu ya kuuliza ni yangu — Mzee Wino ananidai kalamu yake — nakwenda kuuliza mara ya tatu, na safari hii nitajibu mwenyewe.